Sifuri ya Uongo Angani

Popote unaponisikia, uwe uani hapa Mafiga, uwe stendi ya Msamvu unangojea basi, uwe shambani kule Mgeta na redio umeitundika kwenye tawi la mti, karibu. Na nyinyi wanafunzi mnaosikiliza kwa siri huku madaftari yamefunuliwa mbele yenu, karibuni pia, maana leo kuna fizikia kidogo.

Mazungumzo ya leo yanaanzia hapa Morogoro, mji kasoro bahari, na kwenda mbali sana: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Tunazungumzia vyombo vinavyopelekwa kule kupima sumaku ya sayari. Swali langu ni moja. Kipimo kikishafika Zohali, nani anakikagua? Fundi hapandi bodaboda akaenda kukifungua. Hata ujumbe wa redio kutoka kule unachukua zaidi ya saa moja kufika duniani. Sasa tunajuaje kwamba kinachotuambia ni kweli?

Kabla hujanijibu, kama una simu janja karibu, ichukue. Fungua dira. Ndugu zangu Waislamu wengi mnayo tayari, ile programu ya kuonyesha kibla. Kwa sisi tulio Morogoro, Makka iko karibu kabisa na kaskazini, imeelemea mashariki kidogo tu. Kwa hiyo ukikipa kisogo kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano, mshale wa kibla utakuwa karibu na mbele yako. Lakini mara nyingine simu inagoma. Inakuonyesha kibla kipo Dodoma! Halafu inakuandikia ujumbe: sogeza simu kwa umbo la namba nane. Wewe unaizungusha hewani, watoto wanakucheka, na baada ya muda mshale unatulia mahali pake.

Umewahi kujiuliza kwa nini? Simu imepata nini kutokana na kule kuzungushwa? Haikuuliza mtandao. Haikumuuliza jirani. Imezungushwa tu, ikapona.

Basi, msikilizaji, jibu la swali la Zohali limo humo humo kwenye namba nane. Twende taratibu.

Ndani ya simu kuna kihisi kidogo cha sumaku. Kazi yake ni kuhisi sumaku ya dunia. Lakini majirani zake ni wabaya. Kuna spika, na spika ina sumaku ndani yake. Kuna vipande vya chuma. Kuna betri inayopitisha umeme, na umeme unaopita popote unazaa sumaku. Na wewe umenunua kava lenye sumaku la kujifunga, au umeibandika simu kwenye kile kishikio cha sumaku cha bodaboda. Kihisi kinapokea yote kwa pamoja, ya dunia na ya simu, na hakiwezi kuyatenga.

Fikiria mizani ya duka sokoni. Sahani iko tupu, lakini mshale umesimama kwenye gramu 50. Kila utakachopima, kiwe unga au dagaa, kitaongezewa zile gramu 50. Ile sifuri ni ya uongo. Hapa kwetu Wakala wa Vipimo hupita, wakakagua na kubandika stika yao. Wenzao wa Shirika la Viwango, TBS, wana hata maabara za kazi hiyo, na kazi yenyewe inaitwa ugezi: kukilinganisha kipimo na kitu unachokiamini, ukajua kinakosea kwa kiasi gani. Ugezi wa mizani ni rahisi kwa sababu unaweza kuiondoa sahani mzigo ukaona sifuri yake.

Lakini sumaku huwezi kuiondoa. Ndiyo shida yenyewe. Hakuna mahali hapa Mafiga utakapoweka simu ukasema, hapa sumaku ya dunia haipo, sasa nione sifuri. Na angani vilevile. Kwa hiyo unatafutaje sifuri ya kitu ambacho hakiwahi kuwa kitupu?

Unakigeuza.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Chukulia sumaku ya kweli mahali ulipo ni 20, inaelekea kaskazini. Kihisi chako kina uongo wa 3, kinaongeza 3 kwenye kila kipimo. Ukikielekeza kaskazini, kitasoma 23. Wewe hujui kama ni 23 ya kweli au la. Sasa kigeuze, kitazame kusini. Sumaku ya dunia haikugeuka, imebaki pale pale, kwa hiyo kwa kihisi imekuwa hasi 20. Lakini ule uongo umegeuka pamoja na kihisi, bado ni 3 ile ile. Kitasoma hasi 17. Jumlisha 23 na hasi 17, unapata 6. Gawa kwa mbili, 3. Umeukamata uongo! Na ukiutoa, unabaki na 20 yako safi.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo yote ya leo yamesimama. Sumaku ya nje haigeuki unapogeuza kipimo. Kosa la kipimo linageuka nacho. Kwa hiyo huhitaji kujua jibu sahihi ndipo ulijue kosa. Unahitaji kitu ambacho hakibadiliki wakati unakigeuza kipimo, basi, hata kama kitu chenyewe hukijui ni kiasi gani. Ile namba nane ya simu inafanya hesabu hii kwa pande zote, juu, chini, kushoto, kulia.

Sasa tupande angani.

Kwa nini watu wahangaike na sumaku ya sayari? Kwa sababu sayari haichimbiki hadi kiini. Sumaku ya dunia yetu inazaliwa chini kabisa, kwenye chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani ya kiini. Ukipima sumaku ya sayari kutoka juu, unapata habari za tumboni mwake bila koleo. Na unapata habari za mambo mengine ambayo hukuyatafuta, kama nitakavyoeleza nikifika kwenye Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali.

Kipimo kinachotumika zaidi kina kipande cha aloi ya chuma na nikeli, kimezungushiwa waya. Umeme wa kwenda na kurudi unakishibisha sumaku upande huu, kisha upande ule, maelfu ya mara kwa sekunde. Kama nje hakuna sumaku, pande mbili zinalingana. Kama ipo, upande mmoja unawahi kushiba kuliko mwingine, na tofauti hiyo ndiyo kipimo. Vinawekwa vitatu, kila kimoja na uelekeo wake, ili mshale wa sumaku ujulikane kwa urefu na kwa mwelekeo. Ni kifaa kigumu, kinavumilia, kinakula umeme kidogo. Ila sifuri yake haitulii. Joto likipanda inahama. Baridi ikizidi inahama. Miaka ikipita inahama. Kwa hiyo hata kikipimwa vizuri namna gani maabara kabla ya kurushwa, ile hati ya maabara inachakaa njiani.

Na uone jinsi kosa dogo linavyouma. Hapa Morogoro sumaku ya dunia ina nguvu ya nanotesla 33,000 hivi. Sahau nanotesla ni nini, shika ile 33,000. Kwenye anga tupu karibu na dunia, nje ya kinga yake ya sumaku, ni kama 5. Kule Zohali, nje ya sumaku ya sayari yenyewe, mara nyingi haifiki 1. Kosa la 3 hapa Mafiga halisumbui mtu. Kosa la 3 kule Zohali ni mizani inayopima pilipili manga huku mshale umelala kwenye kilo.

Ndiyo maana wahandisi wanakimbiza kihisi mbali na mwili wa chombo. Wanakiweka mwishoni mwa mlingoti. Chombo cha Cassini, kilichokwenda Zohali, kilikuwa na mlingoti wa meta 11. Umeme wa chombo una kelele zake za sumaku, na kadiri unavyosogea mbali, kelele inafifia haraka sana. Hata sisi tunaelewa sasa. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtu akitaka kujenga hapa kituo cha kupima sumaku ya dunia, ataambiwa kwanza akae mbali na reli ile. Sina ugomvi na treni, naipenda sana. Nasema tu kwamba sumaku na umeme ni ndugu wa damu.

Mlingoti unapunguza kelele. Hautoi sifuri. Kwa sifuri, tunarudi kwenye kugeuza.

Vyombo vingine vinajizungusha vyenyewe safari nzima, ili vitulie. Hivyo vina bahati. Vihisi viwili vilivyo pembeni vinageuka kila mzunguko, mbele nyuma, mbele nyuma, na uongo wao unajianika wenyewe. Na hapa, msikilizaji, nataka nikupeleke jirani kidogo. Unaijua Malindi, pwani ya Kenya? Pale Ngomeni, karibu na Malindi, Waitaliano walijenga majukwaa baharini yanayoitwa San Marco, na kutoka hapo roketi zilirushwa. Wengi wanaikumbuka setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 15 Novemba 1971, kilirushwa chombo kingine ambacho hakisemwi sana, Explorer 45. Hicho kilibeba vipimasumaku. Kilikwenda kuzunguka juu ya ikweta, kikipanda hadi kilomita 27,000 hivi, kuchunguza mkanda wa umeme unaoizunguka dunia na dhoruba zake za sumaku. Nacho kilikuwa kinajizungusha. Kwa hiyo hesabu tuliyofanya sasa hivi, ya kugeuza ili kuukamata uongo, ni hesabu iliyopaa kutoka kwenye maji ya Waswahili zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mimi nadhani habari ile ilistahili kuwa kwenye vitabu vya shule za Afrika Mashariki. Sijui tunaona haya gani.

Sasa, kuna mtu makini pale Mazimbu, kwenye kampasi ya Solomon Mahlangu, ameshanikamata. Anasema, ndugu mtangazaji, chombo kikizunguka, vihisi viwili vinageuka, sawa. Na kile cha tatu? Kile kilicholala sambamba na mhimili wa mzunguko? Hicho hakigeuki kamwe. Kinatazama upande ule ule asubuhi hadi jioni.

Swali zuri kweli. Kihisi cha tatu ndicho kilichowasumbua watu. Na vyombo visivyozunguka kabisa, vinavyotulia kwa kutazama nyota, vina taabu hiyo kwa vihisi vyote vitatu. Njia ya kwanza ni kukiamuru chombo kijiviringishe. Wahandisi wanatuma amri, chombo kinapinduka polepole kwa mhimili huu, kisha kwa mhimili ule, halafu kinarudi kazini. Lakini amri hiyo ina gharama. Inakula muda, antena inaweza kuacha kuielekea dunia, kamera zinaacha kutazama sayari. Watu wa kamera hawafurahi. Huwezi kuomba hivyo kila siku.

Njia ya pili ndiyo inayonifurahisha mimi, kwa sababu hugeuzi chombo hata kidogo. Unaacha mbingu igeuke.

Jua, msikilizaji, halitoi mwanga peke yake. Linapuliza upepo wa chembe zenye umeme, upepo wa jua, na upepo huo unabeba sumaku. Sumaku ile haitulii. Inapinda, inayumba, mshale wake unaelekea huku mara kule, dakika kwa dakika. Lakini ina tabia moja ya ajabu. Mara nyingi mshale unapogeuka, urefu wake haubadiliki. Unazunguka tu, nguvu ni ile ile. Hayo ni mawimbi ya Alfvén, yenye jina la Hannes Alfvén, Mswidi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Unaona inavyokwenda? Tumesema tunahitaji kitu kisichobadilika wakati kitu kingine kinageuka. Urefu wa mshale ndio huo. Wataalamu wanachukua vipimo vya vihisi vitatu, wanakokotoa urefu wa mshale kila dakika. Kama sifuri ni za kweli, urefu utabaki mmoja mshale ukiyumba. Kama kuna uongo kwenye kihisi kimoja, urefu utaonekana kupanda kila mshale unapoelekea upande wake, na kushuka unapougeukia upande wa pili. Basi wanatafuta namba ambayo wakiitoa, urefu unatulia. Namba hiyo ndiyo uongo. Hawakujua urefu ni kiasi gani. Walijua tu haupaswi kuyumba. Mbinu hii imekuwapo tangu miaka ya 1960 na 1970, na bado inafanya kazi hadi leo.

Tuione kwenye kazi. Chombo cha Venus Express cha Ulaya kiliondoka Novemba 2005 na kufika Zuhura Aprili 2006. Kilijengwa haraka, kwa kuiga chombo kilichokwenda Mirihi ambacho hakikuwa na kipimasumaku kabisa. Kwa hiyo usafi wa sumaku haukuzingatiwa tangu mwanzo, na mlingoti ulikuwa wa meta 1 tu. Meta 1! Kihisi kimoja kilikaa mwisho wa mlingoti, kingine kwenye mwili wa chombo. Kila kifaa kilipowashwa, sumaku iliruka. Walichofanya ni kulinganisha vihisi viwili: kitu kinachotoka ndani ya chombo kitaonekana kikubwa kwa kihisi cha karibu na kidogo kwa cha mbali, lakini kinachotoka Zuhura au kwenye Jua kitaonekana sawa kwa vyote viwili. Wakasafisha hivyo kwanza, kisha sifuri wakaitafuta kwenye upepo wa jua, kwa sababu obiti ya chombo ilikitoa nje kwenye upepo huo kila siku. Wanasayansi wa Graz, Austria, wakakaa na kazi hiyo miaka. Chombo chenye kelele kikatoa vipimo safi.

Kule Mirihi mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mars Global Surveyor kilirushwa Novemba 1996 na hakikuwa na mlingoti kabisa. Vihisi viliwekwa kwenye ncha za paneli za sola. Mtu atasema, jamani, sola ndiyo kiwanda cha umeme, unakiweka kihisi pale pale? Waya za paneli zilipangwa ili umeme wa kwenda na wa kurudi ufutane. Kilichobaki kikakokotolewa. Halafu paneli moja ikagoma kujifunga vizuri ilipokunjuliwa, na kazi ya kushusha chombo kwenye obiti yake, iliyotumia msuguano wa hewa ya Mirihi, ikabidi ifanywe polepole mno. Ikachelewa kama mwaka mzima. Lakini kuchelewa kule kulikipitisha chombo chini chini juu ya ardhi ya Mirihi mara nyingi kuliko ilivyopangwa, na timu ya Mario Acuña, mwana wa Argentina, ikaona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Miamba ya kusini ya Mirihi ina sumaku iliyoganda ndani yake, ya zamani sana, kutoka enzi ambazo sayari ile ilikuwa na kiini chenye uhai. Kama miamba ile isingepimwa kwa kipimo chenye sifuri ya kuaminika, nani angethubutu kusema?

Kuthubutu. Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa Cassini.

Cassini kiliondoka duniani Oktoba 1997. Mwezi Agosti 1999 kilirudi kupita karibu na dunia ili kivutwe na kupata kasi, na siku chache kabla ya hapo mlingoti wake ukakunjuliwa. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu sumaku ya dunia tunaijua vizuri kuliko ya sayari nyingine yoyote. Walikipitisha kipimo mbele ya mizani yetu wenyewe kabla hakijaenda ugenini. Baada ya hapo hakikuiona dunia kwa karibu tena.

Kilifika Zohali tarehe 1 Julai 2004. Kilikuwa na vipimo viwili vya sumaku vya aina tofauti, kimoja cha aina ile ya chuma na nikeli, kingine kinachotumia gesi ya heliamu. Ukiwa na vipimo viwili visivyofanana tabia, kimoja kinamchunga mwenzake. Lakini Novemba 2005 kile cha heliamu kikakoma. Kuanzia hapo kilichobaki kilibeba kazi peke yake kwa karibu miaka 12, na kuviringishwa kwa chombo kukawa jambo la lazima, mwaka baada ya mwaka.

Aliyeongoza timu ile ni Profesa Michele Dougherty, mama aliyekulia na kusomea Afrika Kusini kabla ya kwenda London. Mwezi Februari 2005, Cassini kilipita mbali kidogo na mwezi mdogo wa Zohali unaoitwa Enceladus. Kipande cha barafu chenye upana wa kilomita 500 hivi, kilichodhaniwa kimekufa. Timu ya sumaku ikaona mistari ya sumaku ya Zohali inapinda karibu na mwezi ule, kana kwamba kuna kitu kinaizuia. Mkunjo mdogo tu. Machi wakapita tena, mkunjo ukawapo.

Jiweke mahali pake, msikilizaji. Una namba ndogo kwenye kompyuta. Mbele yako wamekaa wahandisi wenye chombo cha mabilioni ya dola. Unataka kuwaambia wakishushe chombo karibu sana na mwezi ule. Je, kama ule mkunjo ni uongo wa sifuri? Kama ni joto limeisogeza, au ni pampu imewashwa? Dougherty aliwaambia washuke, nao wakashuka. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini kilipita kilomita 173 hivi juu ya Enceladus, na vifaa vingine vikathibitisha: kutoka ncha ya kusini ya mwezi ule, mvuke wa maji unarushwa angani. Leo tunajua chini ya barafu yake kuna bahari. Wa kwanza kuinusa habari hiyo hakuwa kamera. Alikuwa kipimasumaku, na wenye nacho waliijua sifuri yao.

Mwisho wa safari, mwaka 2017, Cassini kikapitishwa mara 22 kati ya Zohali na pete zake. Huko sumaku ni kali, zaidi ya nanotesla 10,000, na kipimo kikahamia kwenye gia ambayo kilikuwa hakijaitumia tangu kilipopita duniani. Hapo sifuri haikuwa shida tena, shida ikawa pembe. Sumaku ya dunia imeinama kama nyuzi 10 kutoka kwenye mhimili wa kujizungusha. Ya Zohali je? Wakapima, wakaona mwinamo hauonekani. Ni chini ya sehemu 1 ya 100 ya nyuzi moja. Ili useme hivyo, sharti ujue kihisi chako mwishoni mwa mlingoti kimeelekea wapi kwa usahihi wa ajabu. Na jibu lenyewe ni la kuudhi, kwa sababu nadharia inasema sumaku iliyonyooka kiasi hicho haipaswi kudumu, na kwa kuwa haiyumbi, haikusaidii kujua siku ya Zohali ina saa ngapi. Ilibidi watu wakaisome siku hiyo kwenye mawimbi ya pete: saa 10, dakika 33 na sekunde 38.

Kwa Mshtarii nitapita haraka. Juno kimekuwa kule tangu Julai 2016, kinajizungusha mara mbili kwa dakika, na vihisi vyake viko kwenye ncha ya moja ya mabawa yake matatu ya sola. Kila kihisi kimefungwa pamoja na kamera za nyota, zilizotengenezwa Denmark, ili kila wakati kijue kinatazama wapi. Katika pito lake la kwanza la karibu, Agosti 2016, kilisoma zaidi ya mara 20 ya sumaku inayoizunguka Mafiga. Na katika nguvu kama hiyo kukatokea jambo jipya: sehemu za chuma za chombo, zikizunguka ndani ya sumaku kali, zinazaa umeme wao, na umeme ule unazaa sumaku yake. Chombo kikawa kinajipima chenyewe. Ikabidi hilo nalo likokotolewe na kutolewa.

Na sasa hivi, wakati mimi na wewe tunaongea, kuna chombo kingine njiani. Kinaitwa JUICE, cha Ulaya, kilirushwa Aprili 2023, na kitafika Mshtarii Julai 2031. Mlingoti wake una zaidi ya meta 10, na timu iliyokijenga kipimasumaku chake iliongozwa na Dougherty yule yule. Agosti 2024 kilipita karibu na Mwezi na dunia, na kama wenzake, kikajipima kwetu. Kinakwenda kwa Ganymede, mwezi pekee tunaoujua wenye sumaku yake ya ndani, kutafuta bahari ya chumvi chini ya barafu. Bahari ya chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo inaijibu sumaku ya Mshtarii kwa sumaku ndogo ya kwake, dhaifu mno, imefunikwa na sumaku kubwa mbili juu yake. Ili uisikie, sifuri yako iwe imejulikana chini ya nanotesla moja. Ndiyo maana miaka hii yote ya njiani si ya kulala. Upepo wa jua unapita, mshale unayumba, na kuna watu London, Braunschweig na Graz wanakokotoa urefu wake na kuangalia kama unatulia.

Muda wangu umeisha, fundi mitambo ananionyesha vidole. Wanafunzi wa Mafiga, jaribuni ile hesabu ya kaskazini na kusini kwa simu ya mwalimu, toeni kava kwanza. Wiki ijayo saa hizi hizi tutashuka duniani, tutazungumzia maji ya Mto Morogoro na nani anayapima.